Nifunge koni kwenye IST yangu ili irudishe nguvu za Dar?

Swali: "Fundi, habari za kazi. Nina Toyota IST ya 2004, injini 1NZ-FE, gia otomatiki. Mwaka huu nimehamia Arusha, Njiro, kutoka Dar es Salaam, na tangu nifike gari limekuwa zito. Kila wiki naenda Moshi kikazi. Nikishuka kule linachangamka kidogo. Nikirudi, kuanzia Usa River kupanda linalia tu bila kwenda. Kijana wa duka la spea ananishauri nitoe boksi la filta nifunge koni, ile filta ya wazi yenye umbo la koni, na bomba lake la alumini, shilingi 180,000. Anasema nitapata hospawa 10 hadi 15 na mafuta yatapungua. Shemeji yangu wa Moshi alifunga kwenye Forester yake ya turbo na anaapa imebadilika kabisa. Nifunge?"

Usifunge, ndugu yangu, walau si kwa sababu ulizopewa dukani. Maelezo yako mwenyewe yanaonyesha tatizo liko wapi: gari lilikuwa zuri Dar, limekuwa zito Arusha, na linachangamka ukishuka Moshi. Hewa ya Arusha ni nyembamba. Koni huuzwa kama dawa ya hewa iliyozibwa, na hayo ni magonjwa mawili tofauti.

Injini ya petroli hupata nguvu kutokana na uzito wa hewa inayoingia kwenye silinda, maana mafuta hunyunyizwa kwa kufuata uzito huo. 1NZ-FE yako inafyonza ujazo uleule iwe Kigamboni au Njiro, ila kila lita ya Njiro ina hewa pungufu ndani yake. Usawa wa bahari mgandamizo wa hewa ni kama kPa 101. Moshi mjini, mita 800 na ushee, ni karibu kPa 92. Arusha mjini, mita 1,400, ni kama kPa 86, yaani pungufu kwa asilimia 15. Injini hiyo ilitoka kiwandani na hospawa 109 kwenye mizunguko 6,000. Ukipiga hesabu, Moshi inabaki na kama 99 na Arusha 93. Hospawa 16 zimedondoka njiani kidogokidogo, kuanzia Korogwe kupanda huku, na hakuna fundi aliyekukosea.

Joto nalo lina mkono wake. Kila nyuzi 3 zinazopanda hupunguza uzito wa hewa kwa asilimia 1 hivi. Ndiyo maana asubuhi ya Julai, Arusha ikiwa na nyuzi 12, gari linavuta kuliko mchana wa Februari wenye nyuzi 28. Hiyo ni tofauti ya asilimia 5 bila kununua chochote. Moshi kuna joto zaidi, lakini kushuka mita zaidi ya 500 kuna faida kubwa kuliko hasara ya nyuzi 4 au 5, na ndiyo hiyo unayoisikia mguuni ukifika kule.

Sasa tuitazame koni. Kuna mambo mawili tu inayoweza kuyafanya: kupunguza ukinzani wa njia ya hewa, au kuleta hewa ya baridi zaidi. Haiwezi kuongeza mgandamizo wa anga.

Tuanze na ukinzani. Injini ya lita 1.5 kwenye mizunguko 6,000 inameza kama lita 4,500 za hewa kwa dakika. Boksi la kiwandani, filta safi ya karatasi na bomba lake, vyote pamoja, kwa kawaida hula kPa 2 hadi 3 injini ikiwa imekanyagwa mpaka chini. Katika hizo, filta yenyewe ina sehemu ndogo. Tuseme ukaondoa ukinzani wote, jambo lisilowezekana: unapata asilimia 3 ya 93, kama hospawa 3. Koni nzuri, iliyofungwa vizuri, inaweza kukupa moja au mbili, na hizo utaziona juu ya mizunguko 4,500 ukiwa umekanyaga mafuta yote. Ili upate 15 inabidi injini ipate hewa zaidi kwa asilimia 16. Hewa hiyo haijafichwa kwenye boksi la filta.

Kama hesabu hazikutoshi, pima. Kifaa chake ni cha bei ya soda chache: mpira wa plastiki unaoonyesha ndani, tundu la milimita 6, mita 3. Ufunge kwenye ubao kwa umbo la U, kila mguu uwe na urefu wa angalau sentimita 60, kisha mimina maji yenye rangi mpaka nusu. Ncha moja iache wazi. Ncha ya pili iunganishe kwa kipande cha T kwenye mpira mdogo wa kupumulia unaotoka kwenye kava la valvu kwenda kwenye bomba la hewa, kati ya filta na throto (mlango wa hewa unaofunguliwa na pedeli ya mafuta). Mtu wa pili ashike ubao ukiwa umesimama wima. Tafuta barabara tupu, weka gia L, kanyaga mpaka chini. Kwa IST, mizunguko 6,000 hufika gari likiwa bado kwenye kilomita 50 na kitu kwa saa, hivyo huhitaji kukimbia. Soma tofauti ya kimo cha maji kati ya miguu miwili: kila sentimita 10 ni kPa 1. Ukiona sentimita 20 hadi 30, njia yako ya hewa haina kosa. Ukiona 45, badilisha filta kisha upime tena. Iking'ang'ania palepale, fungua boksi lote. Tambara lililosahauliwa na kiota cha panya ni vitu vinavyokutwa humo. Miguu ya U isiwe mifupi, maana maji yakivutwa yataingia kwenye injini.

Kwenye hewa ya baridi ndipo biashara hii inapogeuka kichekesho. Fungua boneti, shika boksi la filta, ufuate bomba lake kwenda mbele mpaka mdomo ulipo. Toyota karibu zote huweka mdomo huo mbele, pembeni ya rejeta au nyuma ya taa, ambako unapata hewa ya nje ambayo haijapita kwenye rejeta. Kwa maneno mengine tayari unayo njia ya hewa baridi, umeinunua pamoja na gari. Unapotoa boksi na kubandika koni wazi ndani ya boneti, unauhamisha mdomo kutoka nje kuupeleka jikoni. Gari likienda kasi, hewa ya ndani ya boneti huwa na joto zaidi ya nje kwa nyuzi 10 hadi 20. Kwenye foleni ya Mnara wa Saa au Friends Corner inaweza kuzidi kwa 30 au zaidi. Nyuzi 30 ni asilimia 10 ya uzito wa hewa. Umelipa shilingi 180,000 kutafuta hospawa 2 na umepoteza 9. Bomba la alumini linaongeza tatizo, kwa sababu hupokea joto la injini upesi kuliko plastiki ya kiwandani.

Mbona basi wengi wakishafunga wanasema gari limechangamka? Kwa sababu ya sikio. Boksi la kiwandani na vyumba vyake vya pembeni vimechorwa ili kuzima mngurumo wa hewa inayofyonzwa. Ukivitoa, kila ukikanyaga unasikia injini inavuta pumzi, na ubongo unaandika kuwa ni nguvu. Chukua simu yenye saa ya kupimia, kipande cha barabara tambarare, kutoka kilomita 40 hadi 80 kwa saa, mara tano kabla na mara tano baada, hali ya hewa ileile. Wachache hufanya hivyo baada ya kulipa.

Kuhusu mafuta kupungua, jibu ni fupi. Ukiwa kwenye mwendo wa kawaida, kinachobana hewa ni kipepeo cha throto ambacho wewe mwenyewe umekifunga nusu kwa mguu wako. Filta ikibana kidogo, mguu unafungua kidogo zaidi, hewa inabaki ileile na mafuta yaleyale. Maabara ya Oak Ridge ya Marekani ilipima jambo hili na kutoa ripoti mwaka 2009: kwenye magari ya sasa ya nozeli, hata filta iliyoziba haikubadilisha ulaji wa mafuta kwa kiasi cha maana. Ilichopunguza ni kasi ya gari kuchanganya mwendo. Kama filta chafu hailisi gari mafuta, koni italipunguzia vipi?

Halafu kuna sensa ya hewa, ile MAF. Hapa ndipo koni za bei ya chini zinaharibu gari zima. Ndani yake kuna waya mwembamba unaopashwa moto. Hewa ikipita inaupoza, na kontrol boksi (kompyuta ya injini) inasoma umeme unaohitajika kuurudishia joto. Lakini sensa inaonja sehemu ndogo tu ya hewa inayopita. Kiasi kizima hukisiwa kwa kuamini kwamba kipenyo cha bomba ni kilekile cha kiwandani. Chukua mfano wa bomba la milimita 60 lililobadilishwa na la 63. Tofauti ya milimita 3 hata huioni kwa macho, lakini eneo limeongezeka kwa asilimia 10. Hewa ileile inapita taratibu zaidi, sensa inasoma pungufu kwa kama asilimia 9, na kontrol boksi inapunguza mafuta kwa kiasi hicho. Kwenye mwendo wa kawaida sensa ya oksijeni itagundua na kurekebisha. Ukikanyaga mpaka chini, injini inaacha kuisikiliza sensa hiyo na kutegemea alichokisoma MAF, na hapo ndipo mchanganyiko mkavu (hewa nyingi, mafuta machache) huchoma valvu na pistoni. Dalili ya kwanza ni taa ya injini yenye namba ya kosa P0171. Ukiona P0101 au P0102, sensa yenyewe inalalamika. Koni ikiwa karibu mno na sensa hewa inafika ikiwa imevurugika, na sailensa (mizunguko ya injini ikiunguruma bila kukanyagwa) inaanza kupanda na kushuka.

Na sasa vumbi, ambalo kwangu lingetosha kumaliza mjadala hata kama koni ingetoa hospawa 5. Arusha kwenda Moshi ni kilomita 80. Kwa safari hiyo moja, injini yako inameza takribani mita za ujazo 50 za hewa, sawa na hewa ya vyumba viwili vya kulala vilivyojaa hadi darini. Wakati wa kiangazi hewa hiyo imebeba vumbi la volkano, laini kama unga wa sembe, hasa ukifuata lori kwenye mchepuko au ukiingia barabara za ndani za Njiro zisizo na lami. Chembe zenye madhara makubwa ni zile zisizoonekana, kwa sababu zinaenea sawasawa kwenye nafasi ya oili kati ya ringi na silinda na kufanya kazi ya msasa. Injini haifi siku hiyo. Baada ya miezi inaanza kula oili, kisha mgandamizo wa silinda unashuka, kisha unatafuta injini nyingine ya Japani.

Filta ya karatasi ina tabia nzuri: kadiri inavyobeba vumbi ndivyo inavyochuja vizuri zaidi, mpaka pale inapoanza kubana. Koni ya pamba iliyolowekwa mafuta inapitisha hewa kwa urahisi kwa sababu matundu yake ni makubwa, na inategemea yale mafuta kunasa vumbi. Mafuta yakikauka, vumbi linapita. Ukiyazidisha, yanapeperuka na kugandia kwenye waya wa MAF, na tunarudi kwenye P0101. Ukinunua yoyote, uliza kama imepimwa kwa ISO 5011, kipimo kinachotumika duniani kwa filta za hewa za injini. Muuzaji akibaki kukutazama, umeshajibiwa.

Angalia Land Cruiser za utalii zinazotoka hapa kwenda Serengeti. Zina kila aina ya mapambo, lakini huzioni na koni wazi. Mdomo wa hewa umepandishwa kwa snorkeli mpaka usawa wa paa, kule vumbi la gari la mbele linakopungua na hewa haijapashwa na injini, na ndani kuna filta kubwa ya karatasi. Watu wanaoishi kwa injini zao walishalijibu swali lako zamani.

Hizo shilingi 180,000 bakiza, uzitumie hivi. Kwanza filta mpya ya karatasi. Toyota hutaja kilomita 40,000 kwa matumizi ya kawaida, lakini kwa Njiro ningeikagua kila 5,000 na kuibadilisha kati ya 10,000 na 15,000. Kabla ya kulipia, bonyeza mpira wa pembeni kwa kidole: uwe laini na urudi, usiwe mgumu kama kandambili ya zamani. Ukifika nyumbani paka mstari mwembamba wa grisi kuzunguka mpira huo, weka filta, funga klipu zote, kisha fungua tena. Alama ya grisi kwenye boksi inapaswa kuwa mstari usiokatika. Palipokatika ndipo vumbi linapopita. Baada ya kilomita 1,000 futa ndani ya bomba, upande wa injini, kwa kitambaa cheupe. Kikitoka na vumbi, filta ama boksi linavuja.

Usimruhusu mtu aipulize filta kwa kompresa yenye bar 8 au kuigonga kwenye tairi. Ukilazimika kupuliza, iwe chini ya bar 2, kutoka ndani kwenda nje, umbali wa sentimita 15, halafu ingiza tochi ndani gizani uangalie kama kuna nukta ya mwanga. Ikionekana hata moja, itupe.

Pili, safisha MAF. Zima gari, chomoa soketi, fungua skurubu mbili, nyunyiza dawa maalumu ya MAF mara 10 hadi 15 bila kugusa waya kwa kitu chochote, acha ikauke dakika 15, rudisha. Dawa ya kabureta haifai, inaharibu plastiki na kuacha utando. Kisha unganisha mashine ya kupimia. IST zilijengwa kwa soko la Japani, na vile vifaa vidogo vya ELM327 mara nyingi havikubali kuongea na za miaka hii, kwa hiyo tafuta fundi mwenye Techstream (programu ya Toyota ya kupimia) au mashine inayosoma Toyota za Japani. Injini ikiwa ya moto na kwenye sailensa, MAF isome karibu gramu 2 kwa sekunde. Ukikanyaga mpaka chini kwenye mizunguko 6,000 hapa Arusha, itarajie gramu 60 hadi 70. Ikisoma 45, hapo kweli hewa imebanwa mahali au sensa inadanganya, na una kitu cha kutafuta. Ikisoma 65, injini inapata hewa yote ambayo Arusha inaweza kuitoa. Hapohapo mwambie akuonyeshe marekebisho ya mafuta ya muda mrefu, yaani kiasi ambacho kontrol boksi inaongeza au kupunguza mafuta ili kusawazisha mchanganyiko. Yakiwa ndani ya asilimia 10, juu au chini, ni sawa.

Plagi ziwe na nafasi ya milimita 1.1. Presha ya pampu ya mafuta iwe kPa 304 hadi 343. Oili ni lita 3.7 pamoja na filta yake, 5W-30. Oili ikikaa muda mrefu inaziba kachujio kadogo ka valvu ya VVT-i (mfumo unaobadilisha muda wa valvu kufunguka), na injini inapoteza nguvu za chini, dalili inayofanana kabisa na ya kwako. Inua kila gurudumu ulizungushe kwa mkono uone kama breki inashika. Masega ya ekzosi (kisafisha moshi) nayo yapimwe: toa sensa ya oksijeni ya mbele, funga geji ya presha, shika mizunguko 2,500. Ikizidi psi 3, masega yameziba, na huo ndio ukinzani wa kweli wa kushughulikia.

Kuna mtego mmoja kwenye kupima mgandamizo wa silinda ambao umewatoa watu hela za ovaholi bila sababu. Kitabu cha 1NZ-FE kinasema psi 213 kwa injini yenye afya na 156 kuwa kima cha chini. Namba hizo ni za usawa wa bahari. Silinda inaanza kugandamiza hewa ambayo tayari ni nyembamba, kwa hiyo injini yenye afya kamili hapa Arusha itasoma kama psi 180, na kima cha chini kinashuka hadi 133 hivi. Fundi akisoma 150 halafu akafungua kitabu, atakuambia ringi zimekwisha. Cha kuangalia zaidi ni tofauti kati ya silinda na silinda: isizidi psi 14. Plagi zote nne ziwe zimetolewa, fyuzi ya EFI nayo imetolewa, throto imefunguliwa yote, injini ya moto, betri nzuri. Ukisahau kufungua throto utasoma mgandamizo wa uongo.

Vyote vikishakuwa sawa bado utakuwa na hospawa 93, na namna ya kuzitumia ni ya bure. Nguvu ya kuvuta ya injini hii iko kileleni kwenye mizunguko 4,200, na hospawa kwenye 6,000. Gia otomatiki yako yenye gia nne, ukiiacha kwenye D, inashikilia gia ya juu mlimani na injini inalala kwenye 2,500. Ukifika Usa River bonyeza kitufe cha O/D (cha gia ya juu kabisa) kiwe OFF, au tumia nafasi ya 3 kama gia yako haina kitufe, iache injini ipande 4,000 na zaidi. Makelele yake hayaui kitu. Imejengwa kwa hilo. Dar ulikuwa hulazimiki, huku unalazimika.

Ukiwa bado unaitaka koni kwa ajili ya sauti, hakuna dhambi, ila ifungwe kiume. Pima kwa kalipa kipenyo cha ndani pale MAF inapokaa kiwandani na ukatae bomba lenye tofauti hata ya milimita 1. Njia bora ni kuhamisha kipande kilekile cha kiwandani. Mshale wa MAF uelekee injini, na pawe na sentimita 10 za bomba lililonyooka kabla yake. Koni iwe ya nyuzi kavu, isiyopakwa mafuta. Ifungie ndani ya sanduku la bati lenye mpira juu unaogusa boneti, na bomba la kuleta hewa kutoka mbele. Mpira wa kupumulia wa kava la valvu lazima urudi kwenye bomba baada ya MAF; wengi huuacha ukining'inia, na hewa isiyopimwa inaingilia hapo. Kaza klempu zote, rudi kwenye mashine usome marekebisho ya mafuta kwenye sailensa na kwenye 2,500.

Nimebakiza Forester ya shemeji. Huenda hakudanganyi. Kwenye turbo hesabu ni nyingine: turbo hugandamiza hewa yenyewe, hivyo mwinuko unaiumiza kidogo kuliko IST yako, na ukinzani wowote kabla ya turbo unazidishwa na kazi inayofanya. Njia pana hapo inaweza kuleta hospawa za kuhesabika na turbo kuamka mapema. Lakini na yeye ana MAF, na ongezeko hilo huwa la kudumu pale tu kontrol boksi ikisetiwa upya kwa bomba jipya. Kama alifunga tu akaondoka, muulize marekebisho yake ya mafuta ni asilimia ngapi. Yakiwa juu ya 10, injini za Subaru za EJ20 hazivumilii mchanganyiko mkavu chini ya turbo, na pistoni ndizo hulipa. Muulize pia koni yake imekaa kimo gani. Ikiwa chini nyuma ya bampa, masika asivuke maji yanayokatiza barabara. Maji hayagandamiziki, glasi moja tu ikifika kwenye silinda, konrodi inapinda.